Antibaiotiki ICU: ubishi uko saa ya kwanza, uharibifu uko siku ya tatu

Hapa Kisumu, na nasikia Kakamega na Nakuru ni vile vile, kuna ubishi mmoja kwenye ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, haujawahi kuisha. Mgonjwa analetwa usiku na ambulensi kutoka Busia ama Siaya, homa iko juu, presha imeshuka, anahema haraka, na hakuna anayejua ni nini hasa inamuua. Kuna daktari atasema wekeni meropenem, ile antibaiotiki kali ya sindano, sasa hivi, mengine tutayajua asubuhi. Na kuna mwingine, mara nyingi mfamasia ama daktari aliyesomea mambo ya maambukizi, atauliza ushahidi uko wapi, juu tukiendelea kumwaga hizi dawa kubwa hivi, mwaka ujao hakutakuwa na kitu cha kumpa mgonjwa mwingine. Mimi ni nesi, hizo dawa mimi ndio nazichanganya na kuzipiga, na hizi hoja nimezisikia mpaka naweza kuwasemea wote wawili. Niseme mapema nimesimama wapi: wote wana haki kwa kile wanachobishania, lakini wanabishania saa ya kwanza, na uharibifu mkubwa tunaufanya kuanzia siku ya tatu kuendelea, wakati hakuna mtu anabishana tena.

Nianze na wale wa dawa mapema, kwa sababu saa zingine wanasemwa kama watu wasiofikiria na hiyo si haki. Sepsisi, yaani maambukizi yamechochea mwili mpaka unaanza kujiangusha wenyewe, figo zinafeli, mapafu yanafeli, haingoji mtu. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Anand Kumar wa Canada walipitia mafaili ya wagonjwa wenye sepsisi ambao presha ilikuwa imeanguka kabisa, wakaona kila saa moja ambayo dawa sahihi ilichelewa, nafasi ya kupona ilishuka kwa wastani wa asilimia 7.6. Halafu 2017 ikatoka ile ya jimbo la New York, wagonjwa zaidi ya 49,000, nayo ikaonyesha kuchelewa kunaua, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi. Daktari ambaye amesoma hizo mbili na ana mgonjwa presha iko 70 juu, huwezi ukamwambia angoje maabara ifunguliwe saa mbili asubuhi. Ata mimi singengoja.

Na kwetu hiyo hoja ina nguvu kuliko hata huko ilikotoka. Huyu mgonjwa hajaanza kuugua leo. Alianza na Panadol, akaenda kemisti akapewa vidonge vya siku mbili, akapelekwa dispensari, akalala hospitali ya sabkaunti siku kadhaa, ndio sasa anafika kwetu amechoka kabisa. Vitanda vyenyewe ni vya kutafuta na tochi: hesabu iliyofanywa 2020 Covid ilipoingia ilipata vitanda vya ICU 537 nchi nzima, na kaunti 22 tu kati ya 47 ndizo zilikuwa na ICU hata moja. Vimeongezwa tangu hapo, lakini mtu wa kijijini anayefika kwenye kitanda hicho bado ni yule ambaye muda wake umebaki kidogo sana. Ongeza na mambo ya ukanda wa ziwa. Homa Bay, Siaya na Kisumu ziko juu kabisa nchini kwa HIV, malaria tunaishi nayo mwaka mzima, na mtoto aliyeishiwa damu kwa sababu ya malaria ni rahisi sana salmonella, si ile ya taifodi, iingie kwenye damu yake. Ndio maana WHO inasema kwa sehemu kama zetu mtoto mwenye malaria kali apewe antibaiotiki pamoja na artesunate, dawa ya malaria, mpaka ionekane hana bakteria. Hapo ni mwongozo wenyewe unakuambia anza kabla hujajua.

Sasa wale wengine nao. Wanasema, na ni kweli, ile 7.6 ilitoka kwa mafaili ya zamani, haikuwa jaribio, na wote mle ndani presha ilikuwa chini. Ukiichukua hiyo namba ukaitumia kwa kila mtu mwenye homa ICU umeivuta mpaka mahali haifiki. Chama cha madaktari wa maambukizi cha Marekani, IDSA, kilikataa kuunga mkono mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2016, na moja ya sababu ni hiyo hiyo, kwamba unasukuma watu kumpa dawa kali mtu ambaye hata hajulikani kama ana maambukizi. Na ukiangalia mwongozo wa 2021 utaona walisikilizwa: presha imeanguka ama sepsisi ni karibu hakika, toa ndani ya saa moja, lakini kama presha iko sawa na una shaka, una mpaka saa tatu za kuchunguza kwanza. Saa tatu ni nyingi sana ICU. Ndani ya saa tatu umepiga eksirei, umepima malaria, umechukua damu, umeongea na familia ukajua alikuwa anakunywa dawa gani nyumbani.

Kuna utafiti mwingine huwa nautaja na watu wanashangaa. Chuo Kikuu cha Virginia, ICU yao ya upasuaji, walifanya mwaka mmoja wakianza antibaiotiki mara tu wanaposhuku, mwaka uliofuata wakafanya kinyume, kama presha iko sawa wanangoja ushahidi ndio waanze. Ilichapishwa 2012. Mwaka wa haraka walikufa asilimia 27, mwaka wa kungoja walikufa asilimia 13. Sasa, huo ni utafiti mdogo wa kulinganisha mwaka na mwaka, mambo mengi yanaweza kuwa yalibadilika katikati, na mtu asiutumie kumnyima dawa mgonjwa aliye kwenye shoku, yaani presha imeanguka kabisa. Lakini unavunja ile imani kwamba kuanza haraka hata kama haisaidii haiwezi kudhuru. Inaweza.

Na tuseme ukweli, homa ngapi ICU si bakteria? Chukua kijana wa bodaboda, hao hawakosi, ameumia kichwa Kondele ama kwenye barabara ya Busia, yuko kwa mashine ya kupumua. Siku ya tatu homa inapanda 38.9. Inaweza kuwa nimonia ya mashine, ndio. Inaweza pia kuwa ni ubongo wenyewe ulioumia umepoteza kudhibiti joto, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mguu, inaweza kuwa dawa fulani, inaweza kuwa malaria aliyokuja nayo kwa damu bila kujua. Lakini kinachofanyika mara nyingi ni ceftriaxone, antibaiotiki aliyokuwa nayo, inaondolewa, meropenem inaingia, na hakuna aliyeinua shuka kuangalia mguu ama ile laini ya shingoni ya kupitishia dawa kama imewekwa siku nyingi. Hapo dawa imechukua mahali pa uchunguzi, na hicho ndicho kinaniuma kuliko bei yake.

Hasara yenyewe mtu wa nje haioni kwa sababu haimpati yule mgonjwa peke yake. Antibaiotiki haichagui, ikiingia inafagia hata bakteria wazuri wa tumboni, wanaobaki ni wale sugu, na sasa wana nafasi yote. Halafu mkono wa mmoja wetu, mpira wa kunyonya makohozi, kitasa cha droo, na iko kitanda cha pili. Acinetobacter, mmoja wa bakteria hao, inakaa kwenye chuma kikavu cha kitanda kwa wiki nyingi na haifi. Klebsiella, bakteria mwingine, nayo hatuhitaji kuambiwa na watu wa mbali: mradi wa CHAMPS, ambao kwetu unafanywa na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, hapa Kisumu na Siaya, unachukua vipande vidogo kwa sindano kutoka kwa mtoto aliyefariki, wazazi wakikubali, ili ijulikane kweli ni nini kilimuua. Kwa jumla ya nchi ulizofanyika, Klebsiella imejitokeza kati ya sababu kubwa kabisa, na sehemu kubwa yake ni ile mtoto aliipatia ndani ya hospitali. Mama alimleta kutibiwa kitu kingine. Ile jeni ya NDM inayoifanya Klebsiella ishinde meropenem ilishapatikana Nairobi kwenye sampuli za kati ya 2007 na 2009, kwa hivyo hii si habari ya kesho. Ukifika hapo unabaki na colistin, dawa iliyokuwa imewekwa kando miaka mingi kwa sababu inaharibu figo, na mgonjwa wa ICU figo zake tayari zinasuasua.

Dunia nzima, hesabu iliyotoka kwenye jarida la Lancet 2022 ilisema mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na mzigo mzito zaidi ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara.

Sasa tuje siku ya tatu. Ukifungua chati ya dawa ya mgonjwa wa ICU utaona jina la dawa, kipimo, mara ngapi, sahihi. Mara nyingi sana huoni vitu viwili: kwa nini imeanzishwa, na itaisha lini. Aliyeianzisha alikuwa daktari wa usiku, amemaliza shifti. Wa raundi ya asubuhi anaona mgonjwa anapata nafuu, anasema endeleeni. Kesho konsaltanti mwingine, endeleeni. Ikija wikendi hakuna anayetaka kugusa kitu. Mgonjwa akizidi wanaongeza dawa nyingine juu, akipata nafuu hawatoi hata moja. Nimeelewa kwa nini: ukianzisha dawa na mgonjwa akafa hakuna atakayekuuliza, ukiisimamisha na akafa wewe ndio utaulizwa. Hakuna mtu mvivu hapo wala mjinga, ni woga, na una msingi wake.

Lakini ushahidi kuhusu kusimamisha sasa ni mzito kuliko ule wa saa ya kwanza, na hii ndio inafanya nishangae tunapigana upande ule mwingine. Mwaka 2003 Wafaransa walilinganisha siku 8 na siku 15 kwa nimonia ya mashine, waliokufa hawakutofautiana. Mwaka 2015 ikawa ni tumbo lililopasuka na kuoshwa, siku kama 4 zikatosha mahali watu walikuwa wanatoa 8. Na mwisho wa 2024 ikaja ile kubwa, BALANCE, wagonjwa 3,608 wenye bakteria kwenye damu kabisa, zaidi ya nusu wakiwa ICU, siku 7 dhidi ya 14. Kufikia siku ya 90 walikuwa wamekufa asilimia 14.5 kwa siku saba na 16.1 kwa siku kumi na nne. Yaani wiki nzima ya ziada, sindano zote hizo, gharama yote hiyo, haikuokoa mtu.

Hapa yule daktari wa dawa mapema ataniambia ngoja, hizo ni Canada, Australia, Israel, Marekani na wenzao, nchi saba na hakuna hata moja ya Afrika. Ana haki. Bakteria wa stafilokoka ile ya dhahabu kwenye damu hawakuwekwa, na waliachwa kwa sababu nzuri, hao wanataka muda mrefu. Waliopandikizwa viungo hawakuwekwa. Usaha ambao haujatolewa haujali umepiga siku ngapi, na kwetu mtu anaweza kungoja thieta siku mbili tatu. Kwa hivyo siku saba haiwezi kuwa sheria ya kila mtu. Lakini angalia vizuri, hizo zote ni sababu ambazo mtu anaweza kuziandika kwa faili: tunaendelea mpaka siku ya 14 kwa sababu usaha wa ini haujanyonywa. Ninachopinga ni siku 14 ambazo hakuna aliyeziamua.

Sasa ili usimamishe lazima ujue, na kujua kunatoka maabara, kile kipimo cha kuotesha bakteria tunachoita kalcha. Kinataka damu kama mililita 10 kwa kila chupa, ngozi isafishwe na spiriti ikauke, kifuniko cha chupa nacho kisafishwe, na damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza. Hiyo kabla si mapambo: kuna utafiti walichukua damu ya watu wale wale kabla na baada ya antibaiotiki, ndani ya saa mbili tu, kabla walipata bakteria kwa asilimia 31.4, baada ikashuka 19.4. Kwa hivyo ukipiga dawa kwanza na kuchukua damu baadaye umejinyima jibu la siku ya tatu. Inachukua dakika kama tano kufanya vizuri, haimcheleweshi mtu yeyote. Kinachochelewesha ni chupa zenyewe. Zikiisha zimeisha, familia inaambiwa ipeleke damu maabara ya nje na kulipa, na familia yenye pesa ya kitu kimoja itanunua dawa, haitanunua kipimo, na mimi siwalaumu, mgonjwa wao anakufa na unawaambia walipie chupa ya damu ambayo jibu litakuja kesho kutwa.

Kuna watu wanasema dawa ya hii ni kile kipimo cha prokalsitonini, kile cha damu kinachosaidia kujua kama bakteria wamepungua. Sikatai, lakini jaribio kubwa la Uingereza, ICU 41, lililotoka 2024 lilionyesha kinapunguza matumizi kwa muda usiofika hata siku moja. Kwa ICU ambayo haina chupa za kalcha hicho si cha kuanza nacho.

Kitu kingine cha kwetu ambacho vitabu vya Ulaya havikitilii maanani ni TB. Mtu amekuja na kifua, anawekewa levofloxacin, antibaiotiki nyingine, kwa sababu inafunika mengi. Hiyo dawa inapunguza nguvu TB kiasi, homa inashuka, kila mtu anafurahi, makohozi yakipimwa hayaonyeshi kitu, na baada ya wiki chache anarudi mbaya zaidi, safari hii pengine na TB iliyoanza kuizoea hiyo dawa, ambayo ni nguzo ya kutibu TB sugu. Kwa mkoa wenye HIV kiasi hiki, mimi naona levofloxacin isianzishwe ICU kabla makohozi hayajaenda kwa GeneXpert, mashine ya kupima TB. Hapo sina pande mbili.

Njoo sasa tuone dawa inavyofika kitandani, juu hapa mambo ya vitabuni hukwama. Meropenem ya mtu mzima kwa kawaida ni gramu moja kila saa nane, vichupa vitatu kwa siku. Naweka maji ya sindano mililita 20 kwa kichupa, natikisa mpaka unga uyeyuke wote, napiga polepole kwa mshipa kama dakika tano. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Famasi ikiishiwa, familia inapewa karatasi waende kemisti ya nje. Wanafungua grupu ya WhatsApp, mjomba wa Nairobi anatuma M-Pesa, wanarudi jioni na vichupa vinne kwa bahasha ya kaki. Kufikia kesho saa nne usiku vyote vimeisha. Ya saa kumi na mbili asubuhi inapita, ya saa nane inapita, jioni binti ya mgonjwa anakuja na viwili, "sista, hii ndio tumepata kwa leo". Na meropenem inafanya kazi kwa muda inaokaa kwenye damu juu ya kiwango fulani, si kwa ukubwa wa dozi moja, kwa hivyo hizo saa zote katikati bakteria walionusurika wanaamka tena, na walionusurika ndio wale wagumu. Daktari wa dawa mapema anafikiri ametoa dawa kali. Mfamasia anayetaka dawa zihifadhiwe anafikiri kuna dawa inatumika kupita kiasi. Mgonjwa mwenyewe amepata nusu ya dozi kwa siku kumi, yaani amepata hasara ya pande zote mbili, hajatibiwa na amezalisha usugu.

Ndio maana nikisikia mtu anataka tu sheria ya ruhusa, kwamba meropenem isitoke bila sahihi ya konsaltanti, nasita. Nia ni nzuri. Saa nane usiku huyo konsaltanti hapatikani kwa simu, na mgonjwa wa shoku ndiye atalipa. Waingereza walitatua hii kitambo kwa utaratibu wa kuanza kwa akili halafu kuangalia upya baada ya siku mbili, yaani dozi za mwanzo zinatolewa haraka, halafu uamuzi wa kuendelea unaandikwa kwa faili. Na watu wanaotaka dawa zihifadhiwe wakumbuke kitu kingine, kukosa dawa kunaua watu wetu pia. Kuna hesabu ilitoka 2025 ya nchi nane, Kenya ikiwemo, kuhusu maambukizi ya bakteria walioshinda dawa za kundi la meropenem mwaka 2019, karibu milioni moja na nusu kwa jumla, na waliopata dawa inayofaa hawakufika hata asilimia 7. Kwa hivyo huwezi ukasimama Kisumu ukahubiri kupunguza kama vile umesimama London. Lengo lililokubaliwa Umoja wa Mataifa 2024, kwamba kufikia 2030 asilimia 70 ya antibaiotiki zinazotumika ziwe zile za kawaida ambazo WHO inaziweka kundi la kwanza, ni zuri kwa nchi nzima, lakini ICU haiwezi kupimwa nalo, ICU ndio mahali zile za makundi mengine ya WHO, za kuangaliwa na za akiba, zilitengenezewa. Asilimia 70 itapatikana kemisti na wodi za kawaida, ambapo mtu anapewa sindano ya ceftriaxone kwa sababu kipimo cha Widal, kile cha taifodi, kimesoma kitu, na utafiti wa hospitali 14 za umma hapa Kenya ulipata karibu nusu ya waliolazwa wako kwa antibaiotiki.

Kama ningepewa bajeti ya ICU ya kaunti mimi ningefanya hivi. Pesa ya kwanza inaenda kwa chupa za kalcha na mtu wa maabara wa Jumamosi na Jumapili, kabla ya kununua dawa yoyote mpya. Ya pili inaenda kwa meropenem ya siku tatu kamili, iliyowekwa ndani ya ICU, kwa mgonjwa wa shoku, bila familia kupewa karatasi, dozi zote tisa, hakuna ya kuruka. Siku ya tatu jibu la kalcha liko mezani na uamuzi unafanywa, kubadilisha dawa ndogo, kuendelea, ama kusimamisha, na kama ni kuendelea ndio sasa unaijua dawa na unajua mpaka lini, hata familia ikiombwa kitu inaombwa kitu kinachoeleweka.

Kuna mtu ataniuliza faida ya kalcha ni gani kama jibu litarudi Klebsiella sugu kwa kila kitu na hiyo dawa inayofaa haiko Kenya. Swali zito. Kwa huyo mgonjwa pengine haitamsaidia, ingawa angalau tunaacha kumpigia meropenem isiyofanya kazi na kuambia familia iuze ng'ombe bure, na tunamtenga asiambukize jirani. Faida kubwa iko kwa anayefuata. Majibu ya miezi sita yakiandikwa pamoja, daktari wa usiku anajua kwenye hii ICU yetu Klebsiella inasikia antibaiotiki ya amikacin ama haisikii, na saa ya kwanza, ile wanayoibishania kila siku, hachagui tena kwa kubahatisha. Saa ya kwanza ya mgonjwa wa Disemba inatengenezwa na siku ya tatu ya mgonjwa wa Julai. Watu wa dawa mapema walipaswa kuwa wa kwanza kuidai maabara.

Halafu ile ya woga. Kusimamisha dawa kusiachiwe mtu mmoja. Siku ya tatu asubuhi wasimame watatu kitandani, konsaltanti, mfamasia na nesi wa kitanda hicho, waandike uamuzi na sababu, na wote watatu waweke sahihi, kisha familia ielezwe siku hiyo hiyo na daktari mwenyewe, kwa Kijaluo ama Kiluhya kama ndio wanaelewa, kwamba dawa imeondolewa kwa sababu imemaliza kazi na si kwa sababu wameachwa. Nimeona familia zikielezwa hivyo zikatulia, na nimeona zisizoelezwa wakikimbia kununua dawa nyingine nje na kuja nayo kutuomba tuipige. Na daktari mdogo akiulizwa baadaye kwa nini alisimamisha, kuna sahihi tatu kwa faili na jibu la maabara limegundishwa nyuma yake.